Mahali Alipoajiriwa Verlin

27 Mei. Nyumbani, Kansas.

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda kusini kuianza ngano. Daftari hili lilikuwa la mume wangu Harlan. Kila msimu aliandika mstari mmoja kwa siku: shamba la nani, ngano ina unyevu kiasi gani, nani kapasua tairi. Ameacha kurasa nyingi nyeupe. Alikufa tarehe kumi na nne Februari, ameketi kitandani anavaa viatu. Kimoja kilikuwa kimeshafungwa kamba.

Eldon Ratzlaff, ambaye mume wangu alimwendeshea kombaini miaka kumi na tisa, ameniomba niwe mpishi wa kikosi. Watu tisa, kombaini nne, kutoka Texas hadi Dakota Kaskazini, tukiifuata ngano kadiri inavyoiva. Kiti cha Harlan amekalia mdogo wangu Verlin. Ana miaka hamsini na mbili, hajaoa, hana mtu mwingine ila mimi, na sasa mimi sina mtu mwingine ila yeye.

Naogopa trela. Nitalala humo na nitaivuta mwenyewe kwa pikapu zaidi ya maili elfu moja. Harlan alikuwa akikata nayo kona kama mtu anayekoroga chai.

30 Mei. Texas, kaskazini.

Tumefika bila kugonga kitu. Verlin ameikagua trela pande zote akasema nimemtia hasara, alikuwa amewekeana dau na vijana kwamba nitang'oa angalau kibao kimoja cha barabarani.

Leo shamba la kwanza limeisha. Eldon anashika desturi ya marehemu baba yake: hakuna anayeandikwa kazini kabla ya shamba la kwanza, kwa kuwa kila mwaka mmoja au wawili hutoroka wakishalionja joto. Jioni aliteremsha mlango wa nyuma wa pikapu yake, akaupangusa kwa kofia, akapanga karatasi juu yake. Kila mtu hutafuna kwanza punje chache za ngano mpya, kisha hutia sahihi. Verlin alisema meno yake ni ya kununua, hawezi. Eldon akamwambia atie sahihi tu, atatafuniwa. Nami nikatia yangu.

4 Juni. Mvua. Hakuna kazi. Nimekaanga maandazi, wameyamaliza pamoja na matikiti maji matatu.

13 Juni. Oklahoma. Joto. Nimeota Harlan ananiuliza soksi zake ziko wapi. Najua ziko wapi, lakini kinywa hakifunguki.

25 Juni. Kansas. Tunavuna maili ishirini kutoka nyumbani. Verlin alitaka twende tukaitazame nyumba. Nilimwambia nina mkate kwenye oveni. Sikuwa na mkate.

10 Julai. Nebraska, magharibi.

Mvua ya mawe saa kumi jioni. Anga ilikuwa ya kijani kama maji ya kisima kilichoachwa. Nilikuwa peke yangu ndani ya trela na trela ikaanza kutikisika. Eldon alikuja mbio bila kofia, akanivuta hadi kwenye lori, akakaa nami ndani hadi mawe yalipokwisha. Mkono wake ulikuwa unavuja damu pale ulipopigwa na mawe.

"Shemeji," alisema, "Harlan angenifufukia kama ningekuacha humo."

Nimelala nikimshukuru Mungu kwa mtu huyu.

28 Julai. Dakota Kusini. Vumbi. Verlin anakohoa. Nimempa kitambaa cha kufunga puani, amesema ataonekana mwizi wa benki, na benki yenyewe haina kitu.

7 Agosti. Dakota Kaskazini. Hospitali.

Ninaandika ili nisikae bure.

Jana saa tano asubuhi nilikuwa nakata nyama ya mikate ya mchana. Nilisikia kombaini zikizimwa. Moja, ya pili, kisha zote nne. Katika miaka kumi na tisa ya kusikia habari za mavuno kutoka kwa Harlan nilijua neno moja: zikizimwa zote mchana mkavu, kuna mtu ameumia.

Niliendesha pikapu kuvuka shamba, juu ya ngano yenyewe, kitu ambacho hakifanywi. Kisu kimoja cha mbele kilikuwa kimekatika na Verlin aliingia chini kukibadilisha. Sehemu ya mbele ya kombaini, ile yenye visu, ni pana kama nyumba na inainuliwa kwa nguvu ya mafuta. Kuna kabari ya chuma ya kuizuia isishuke. Alidhani ni kazi ya dakika mbili, hakuiweka. Mpira wa mafuta ukapasuka, sehemu yote ikamwangukia mguuni.

Nilipofika walikuwa wameshaiinua. Mguu wa kulia, kutoka gotini kwenda chini, sitauandika. Alikuwa macho. Aliniona nimesimama na kisu cha nyama mkononi akasema, "Dada, usije ukaumalizia."

Kisha akaanza kutetemeka.

Eldon alikuwa amejivua mkanda akaufunga pajani pa Verlin. Madaktari wanasema mkanda ule ndio uliomwokoa.

8 Agosti. Amefanyiwa upasuaji wa kwanza. Mguu upo. Vyuma vinatoka nje ya ngozi kama vijiti vya kufumia.

9 Agosti. Homa. Nimekaa. Nimekaa.

11 Agosti. Homa imeshuka. Ameuliza ngano imebaki kiasi gani.

13 Agosti.

Daktari amenieleza taratibu, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza niliitikia tu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukata mguu chini ya goti, upasuaji mmoja, hapa hapa. Ya pili ni kumpeleka kwa bingwa wa mifupa katika jiji jingine: upasuaji wa mara nne au tano na miezi ya mazoezi, na mguu huenda ukapona. Bingwa atampokea pale tu bima itakapokubali kwa maandishi kubeba matibabu yote. Nyama ya mguu inaweza kusubiri wiki nne, si zaidi.

Nilimpigia Eldon kambini. Alisema nisiwe na wasiwasi, analipia bima ya wafanyakazi kila mwaka, na inawafuata hata nje ya jimbo. Nililala saa tano mfululizo.

16 Agosti.

Bi Pruitt wa kampuni ya bima amepiga simu. Sauti yake ni ya mtu mwenye adabu aliyechoka. Aliniuliza jina, uhusiano, siku ya ajali. Kisha akauliza Verlin aliajiriwa wapi.

Nikamwambia na Eldon.

"Na nani najua, Bi Penner. Nauliza wapi."

Nikasema sisi ni watu wa Kansas. Akasema mtu anaweza kuzaliwa Kansas na kuzikwa Kansas na bado akaajiriwa kwingine. Karatasi yake ya kazi ina tarehe thelathini Mei, na mahali pameandikwa Texas, kwa mwandiko wa Eldon. Je, ni kweli alitia sahihi Texas? Nikasema kweli.

Akanishukuru. Shukrani ile ndiyo iliyonitisha.

18 Agosti. Wamekataa.

Nimeisoma barua mara nyingi hadi nimeielewa. Bima ya Eldon ni ya Kansas. Mtu akiajiriwa Kansas kisha akapelekwa kwingine kwa muda, inavuka mipaka pamoja naye. Ila Verlin, kwa karatasi, aliajiriwa Texas, na Kansas alipita tu kwa siku kumi na moja kama alivyopita Nebraska. Texas, Eldon hakununua bima. Dakota Kaskazini wana mfuko wao wa jimbo, na Eldon hakuwahi kuuchangia, maana sisi hukaa huku wiki tatu tu.

Majimbo sita tumevuna, na mguu wa ndugu yangu hauna jimbo.

Kuna kikao cha awali tarehe tatu Septemba, mbele ya jaji wa Kansas, kwa njia ya simu. Mwanasheria tuliyepewa anasema kuna jambo moja tu: tuonyeshe kwamba Verlin alianza kazi akiwa Kansas kabla ya Texas.

Na alianza. Sikuliandika humu kwa kuwa kwetu hakuna anayeiita kazi. Kila mwaka, kuanzia Aprili katikati, watu wa Eldon hukusanyika kwenye banda lake huko nyumbani. Wanapaka grisi, wanabadilisha mikanda, wananoa visu. Wiki tano. Hawaandikwi popote. Malipo yake ni nusu ya ng'ombe, imekatwakatwa na kufungwa kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa hivyo kwa baba yake Eldon, na hivyo kwa Harlan. Mwaka huu Verlin alifanya wiki zote tano, na nyama yake iko kwenye friza yangu.

Nilimpigia Eldon kwa furaha. Alisema tu kwamba atakuja.

20 Agosti.

Amekuja, saa sita za barabara. Alileta maua kutoka kituo cha mafuta, yakiwa bado na bei. Verlin alikuwa amelala. Tulikaa kwenye ukumbi wa mashine za kahawa.

Alianza mbali. Alisema mavuno yameisha, wavulana wameshageuza magari. Kisha akasema habari ya nyama isitajwe.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema ugonjwa wake. Ada ya bima hupigiwa hesabu kwa kazi ya kila mtu. Zile wiki tano hajawahi kuziripoti, yeye wala baba yake. Zikijulikana, watarudi nyuma mwaka baada ya mwaka wakimdai, na wanaweza kusema alidanganya kwa makusudi. Kombaini nne zote ni za mkopo. Ataishia bila hata moja, na watu wanane hawatakuwa na msimu ujao.

Nikamwuliza, na Verlin je?

Akasema kuna njia nyingine. Machi, baada ya mazishi, alikuja kwetu akakaa jikoni akamwomba Verlin akalie kiti cha Harlan. Jikoni kwangu ni Kansas. Mimi nilikuwepo. Nikisema Verlin alikubali pale pale, basi ajira ilifungwa pale, na hakuna haja ya kutaja banda.

"Lakini hakukubali," nilisema. "Alisema atafikiria. Alikuambia hivyo mbele yangu, halafu akaenda kuvua samaki."

"Shemeji, nani anakumbuka neno moja la Machi?"

"Mimi."

Akaangalia mikono yake. Mkono mmoja bado una kovu la mawe ya Nebraska. Alisema, polepole, "Nakuomba jambo dogo. Mambo yote niliyomfanyia Harlan sijawahi kuyahesabu."

Alipoondoka niliyatupa maua yake kwenye pipa. Kisha nikayatoa, kwa kuwa maua hayana kosa.

21 Agosti. Upepo. Sijala.

22 Agosti. Naogopa kusema uongo na kugunduliwa. Naogopa kusema kweli na nisiaminiwe, maana karatasi inasema Texas na mimi ni dada yake. Eldon akikana banda, nitakuwa mwanamke mwenye nyama kwenye friza.

24 Agosti.

Nimemweleza Verlin. Nilitaka kumficha, akaniona usoni. Alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo," akasema, "nikitaka mguu, bosi anafilisika. Na nikimwonea bosi huruma, nanunua kiatu kimoja kimoja."

Nikamwambia asifanye mzaha. Akasema mzaha ndicho kitu pekee ambacho hajanyimwa na bima.

Baadaye aliniita tena. Hakunitazama. "Dada, usiniongopee. Wewe ukisema uongo masikio yanakuwa mekundu, na najua ni kwenye simu, lakini utaanza kujikwaa. Sema kilichokuwepo. Wakinikata, wamekata mguu wangu. Sitaki wakate na wewe."

Niliona mto wake umelowa upande wa ukutani. Ana hofu kuliko mimi, na ananifariji.

29 Agosti. Daktari amekuja na wauguzi wawili, wakaugusa mguu, wakaangaliana.

30 Agosti. Nimempigia Eldon mara tatu. Hapokei.

1 Septemba. Joto limekatika. Usiku umekuwa wa baridi, kama Oktoba nyumbani. Kidole kidogo cha Verlin kimebadilika rangi.

3 Septemba.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Walituweka kwenye chumba kidogo chenye simu mezani, Verlin kwenye kitanda cha magurudumu, mimi kwenye kiti. Kwenye simu alikuwa jaji, Bi Pruitt na mwanasheria wao, mwanasheria wetu, na Eldon. Eldon alitaja jina lake alipoulizwa.

Niliapa. Mwanasheria wetu akaniuliza habari za Machi, jikoni. Nilijua kwamba neno moja lingetosha. Nilisikia mtu akipumua kwenye simu na nilijua ni Eldon. Nimeisikia pumzi ile kanisani miaka thelathini, anakaa benchi la nyuma yetu.

Nikasema Verlin hakukubali siku ile. Alisema atafikiria.

Mwanasheria wetu akakohoa. Nikaendelea kabla sijaishiwa ujasiri. Nikasema alikubali kwa kwenda. Jumatatu tarehe kumi na tano Aprili alikwenda bandani kwa Eldon na bakuli langu la chakula. Siku ya kwanza alibadilisha mkanda wa kombaini namba tatu. Siku ya pili mvua ilinyesha na akanoa visu. Nikawaambia habari ya wiki tano na habari ya nusu ng'ombe. Jaji akaniuliza nayajuaje haya siku kwa siku. Nikamwambia kwa sababu kila siku nilimfungia chakula, na kila jioni alirudisha bakuli akinieleza alichokifanya. Wakati ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa akirudi nyumbani kwangu na habari yoyote.

Mwanasheria wa bima alikuwa mpole. Aliuliza kama kuna karatasi yoyote ya kazi hiyo. Hakuna. Kama mimi ni dada wa mlalamikaji. Ndiyo. Kama ninajua kwamba ndugu yangu anaweza kupoteza mguu leo nisipoaminiwa. Nikasema najua. Akasema hana swali lingine.

Nikaona imekwisha. Verlin alinyoosha mkono akanishika kiwiko.

Jaji akasema, "Bwana Ratzlaff, uko kwenye kiapo. Umesikia alichosema shahidi. Ni kweli au si kweli?"

Bi Pruitt akauliza kama simu imekatika.

"Haijakatika," Eldon alisema. Kisha: "Ni kweli. Wiki tano, alianza siku aliyoisema. Na siyo yeye tu. Wote. Harlan Penner pia, miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwandika siku hata moja ya zile. Angeumia bandani kwangu, huyu mama asingepata kitu. Nilikuwa najua."

Jaji alimwambia huenda akahitaji mwanasheria wake mwenyewe kabla ya kusema zaidi. Eldon alisema ameshasema.

6 Septemba. Jaji ameamuru. Aliajiriwa Kansas, bima inavuka naye. Nimesoma mstari ule kwa Verlin mara nne. Mara ya nne alisema inatosha, ameshaajiriwa.

19 Septemba. Jiji jingine, hospitali nyingine.

Walimchukua saa mbili asubuhi. Mpaka saa tisa alasiri walikuwa bado. Daktari bingwa alikuwa ameniambia wazi kwamba tumechelewa siku kadhaa, na kwamba anaweza kuufungua mguu akakuta hauna uhai. Nimetia sahihi ukurasa unaosema wanaweza kuukata humo humo.

Saa tano asubuhi Eldon aliingia ukumbini. Kofia mkononi, amepungua. Kombaini mbili zimeshachukuliwa na benki. Wakaguzi wa bima wanakuja Jumatatu, na wanataka majina ya kila mtu aliyewahi kufanya kazi bandani, kwa miaka. Hana orodha. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama kiti kile ni chake.

"Shemeji," alisema, "wewe unakumbuka vitu."

Nilimkasirikia mtu huyu mwezi mzima. Nikasogeza mkoba wangu akakaa. Niligeuza daftari hili nyuma, tukaanza. Nilikumbuka wengi kwa walichokula: asiyeweza maziwa, aliyeweka sukari kwenye nyanya, ndugu wawili waliogombania mfupa. Eldon alikumbuka miaka. Alipotaka kuwaruka waliokwisha kufa, nikamwambia tuandike wote. Tuliandika majina thelathini na saba. Kila mlango ulipofunguka tuliacha kuandika.

Saa kumi na dakika ishirini bingwa alitoka. Nikasimama. Alisema mguu upo. Hakusema zaidi, akaniongoza ndani.

Verlin alikuwa nusu usingizini. Bingwa alimwambia achezeshe vidole. Havikucheza. Akamwambia tena. Nilivitazama vile vidole kama ambavyo sijawahi kutazama kitu, vikiwa vyeupe, vimevimba, na doa la iodini.

Kidole gumba kilisogea. Kisha cha pili. Kisha cha tatu, kidogo mno, hata nikamwuliza bingwa kama nami nimeona sawasawa, akasema sawasawa.

Viwili vilivyobaki, amesema tusubiri mpaka asubuhi. Eldon yuko nje ukumbini, hajaondoka. Mimi nimekaa hapa miguuni pa kitanda, sijazima taa, ninaviangalia.